Eafoni zikifa kabla waranti haijaisha: funzo nililolipata Kisii



Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alianzia Kwale, kisha akahamishiwa Nyamira, na huu ni mwaka wake wa sita akiishi kwenye baridi na mashamba ya chai. Mwanawe wa kiume anasoma Chuo Kikuu cha Kisii. Mchana yuko darasani, na usiku, wenzake wakishalala, anafungua kompyuta yake na kufanya kazi ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa ng'ambo na kuyaandika neno kwa neno. Analipwa kwa dakika za sauti alizoandika. Akikosea maneno mengi, alama zake hushuka, na alama zikishuka kazi hupungua. Kazi hiyo ndiyo inayomlipia chumba na chakula, kwa sababu mshahara wa mamake una midomo mingi ya kulisha.

Basi mwaka jana akajinyima miezi minne akanunua eafoni, au vipokea sauti vya masikioni kama wanavyosema watangazaji wa redio. Zilikuwa zile zisizo na waya, za kampuni yenye jina kubwa duniani, zenye kuzuia makelele ya nje. Alizinunua kwenye duka moja mjini Kisii kwa shilingi 24,500. Nilipozisikia hizo pesa nilimpigia simu nikamgombeza. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia, "Mjomba, fundi seremala ana randa yake. Mimi hii ndiyo randa yangu." Nikanyamaza.

Mwezi wa tano eafoni ya kushoto ikafa. Haikuanguka wala haikukanyagwa. Ilianza kwa sauti kukatika, ikaja ikawa ndogo, na asubuhi moja haikutoa chochote. Akazirudisha dukani. Mwenye duka akamwonyesha maandishi yaliyobandikwa ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana alipotaja waranti ya mwaka mmoja, akaambiwa, "Hii imeingia maji. Maji hayako kwenye waranti." Na kweli, nani mjini Kisii ambaye hajanyeshewa? Kule mvua ya alasiri ni kama adhana, ina wakati wake.

Aliponipigia simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Alikuwa amerudi kutumia eafoni za shilingi mia tatu za kwenye stendi ya matatu, na wiki hiyo alama zake zilikuwa zimeshuka mara mbili.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijamshauri ilibidi nikumbuke aibu yangu. Miaka mitatu iliyopita ndugu yangu anayefanya kazi Dubai aliniletea zawadi ya eafoni za bei ya namna hiyo hiyo. Baada ya miezi saba ya kulia ikaacha kuchaji. Mimi, mtu mzima mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, ambaye kazini kwangu sipokei katoni bila kusoma karatasi zake, nilifanya nini? Nikaipeleka kwa fundi wa simu hapa Mombasa. Akaingiza wembe kwenye mshono, akaibandua, akaangalia ndani, akasema, "Mzee, hizi hazina spea." Kisha akairudishia gundi.

Siku chache baadaye ndugu yangu akaniuliza kwa nini sikuipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni. Nikaipeleka. Aliyenipokea aliitazama sekunde tano tu. Akaniambia mambo mawili: kwanza imefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, kwa hiyo waranti imekufa, pili, hata kama isingefunguliwa, waranti yake ilikuwa ya nchi za Ghuba, na kifaa kingepaswa kurudishwa kule kilikonunuliwa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kijikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi, na boksi nilikuwa nimempa mwanangu achezee.

Kwa hiyo neno la kwanza nililomwambia mpwa wangu ni hili: usimpe fundi yeyote. Eafoni hizi ndogo hazina skrubu. Zimebanwa na gundi, na gundi hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya unyevu. Ukishaifungua umeiharibu, na umempa muuzaji sababu ya kukukatalia.

Hakikisha imekufa kweli

Neno la pili nililomwambia ni kwamba asidai kabla ya kuhakikisha. Eafoni nyingi zinazodhaniwa zimekufa huwa ni chafu au zimechanganyikiwa. Mambo ya kujaribu ni haya, na hayagharimu kitu.

Tazama kile kiwavu kidogo kinachoingia sikioni. Kikizibwa na nta ya sikio, sauti hupungua polepole mpaka mtu akadhani spika imekufa. Kisugue taratibu kwa mswaki laini mkavu, uso wa eafoni ukiwa umeelekea chini ili uchafu udondoke nje. Usitumie pini wala sindano, utakitoboa. Kisha pangusa vile vituo vidogo vya chuma, vya eafoni na vya ndani ya kikasha cha kuchajia, kwa kitambaa kikavu. Jasho likikaukia pale, umeme haupiti, na eafoni haichaji ingawa betri yake ni nzima.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya simu, futa eafoni hizo kwenye orodha ya bluetooth, uziunganishe upya. Kwenye mipangilio ya ufikivu kuna mstari wa kugawa sauti kushoto na kulia; ukisogezwa upande mmoja bila kujua, sikio la pili halisikii kitu. Mwisho, zijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Kama upande ule ule bado ni bubu, basi tatizo liko kwenye eafoni.

Na ikiwa zimelowa, zipanguse na uziache nje ya kikasha zikauke zenyewe kwenye hewa. Usizifukie ndani ya mchele. Vumbi na wanga wa mchele huingia kwenye matundu yale yale unayotaka yafunguke.

Mpwa wangu alijaribu yote hayo, na nikamwambia ajirekodi video akiwa anajaribu: eafoni ya kulia inalia, ya kushoto kimya, kwenye simu mbili tofauti. Video kama hiyo ina tarehe na haibishaniwi.

Waranti ni moja, haki ni nyingine

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya, na ndipo wauzaji wanapotushindia. Kuna vitu viwili. Cha kwanza ni waranti ya kiwanda. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji, kwa masharti aliyojiwekea mwenyewe. Kwa eafoni kwa kawaida huwa ni mwaka mmoja, na huhusu kasoro za utengenezaji. Haihusu kifaa kilichoanguka, kilichopotea, kilichofunguliwa, wala betri iliyochoka kwa matumizi ya kawaida. Betri hizi za lithiamu huchoka kidogo kidogo kadiri zinavyochajiwa, na betri ya eafoni ni ndogo mno, kwa hiyo uchovu wake huonekana mapema. Waranti nyingine ni za nchi au eneo moja tu, kama yangu ya Ghuba.

Cha pili ni haki yako ya kisheria, na hiyo haimtegemei mtengenezaji. Ni baina yako na aliyepokea pesa zako. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili azitumie vizuri, na haki ya kufidiwa kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inasema muuzaji anachukuliwa kuwa ametoa dhamana kwamba alichouza ni cha ubora wa kuridhisha kibiashara, hata kama hakufungua mdomo wake kusema hivyo. Na kifungu hicho hicho kinabatilisha sharti lolote linalojaribu kuifuta dhamana hiyo.

Msomaji, lirudie hilo. Maandishi ya ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi yanaweza kumzuia mtu aliyebadilisha mawazo tu, aliyefika nyumbani akaona rangi haimpendezi. Hayamzuii mtu aliyeuziwa kitu chenye kasoro. Duka haliwezi kufuta sheria ya nchi kwa karatasi iliyobandikwa na selotepu.

Sisi wa pwani tusione jambo hili ni geni lililoletwa na bunge. Wazee wetu waliokaa kwenye darsa wanalijua kama hiari ya aibu. Aliyenunua kitu akakuta aibu iliyojificha, iliyokuwemo kabla hajakipokea, ana hiari ya kukirudisha. Na katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, hiari hiyo ina adabu zake mbili. Ukiigundua aibu, uirudishe mara moja, usiendelee kukitumia kitu huku unasema nitaenda kesho. Na ikiwa wewe mwenyewe umeongeza aibu mpya juu ya ile ya zamani, huna tena haki ya kumlazimisha muuzaji akirudishe kitu hicho. Linabaki suala la kufidiwa tofauti ya thamani. Nilipoyakumbuka haya nilimwona yule fundi wangu na wembe wake. Mimi nilikuwa nimevunja adabu zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Boksi lilivyosema

Likizo ya Agosti nilikwenda Nyamira kumtazama dada. Siku ya tatu tukapanda matatu na mpwa wangu mpaka Kisii, yeye amekumbatia mfuko wa plastiki kama amebeba mayai. Ndani mlikuwa na eafoni, kikasha chake, boksi, na risiti. Yeye, tofauti na mjomba wake, hatupi boksi.

Njiani nikaligeuza boksi lile nikalisoma, ndipo nikaona maandishi madogo upande wa chini: IPX4. Watu wengi hupita juu ya herufi hizi. Ni kipimo cha kimataifa cha kuhimili maji. Namba 4 maana yake kifaa kimejaribiwa na kuhimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote, kama jasho au manyunyu. Haina maana ya kuzamishwa. Kwa hilo ungetafuta namba 7, ambayo ni kuzama hadi mita moja kwa nusu saa. Na hata namba hizo hupimwa kwa maji matamu na kifaa kikiwa kipya. Maji ya bahari, sabuni na mvuke wa bafuni ni jambo jingine, wa Mombasa mjue hilo.

Lakini kwa kesi yetu IPX4 ilitosha. Muuzaji alisema eafoni imeingia unyevu. Boksi aliloliuza yeye lilisema inahimili jasho na manyunyu. Kama boksi ni kweli, unyevu wa kawaida haukupaswa kuiua, kwa hiyo kifaa kina kasoro. Kama boksi ni uongo, basi mteja aliuziwa kitu kwa sifa isiyokuwa nayo, na Sheria ya mwaka 2012 inahesabu hilo kuwa ni udanganyifu katika biashara. Haidhuru uishike njia ipi, mzigo unarudi kwa muuzaji.

Nitakuwa mkweli: kwenye waranti za kiwanda kuna kampuni zinazoandika sifa ya kuhimili maji mbele ya boksi, na ndani ya karatasi zikakataa uharibifu wa maji. Ndiyo maana nasema usibaki ndani ya waranti peke yake. Pale karatasi ya kiwanda inapokufungia mlango, sheria ya nchi bado iko wazi.

Mwenye duka alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, na duka lake dogo limejaa vizuri. Tulisalimiana, nikamjaribu kwa Ekegusii changu cha maneno mawili, akacheka. "Mzee, umetoka Mombasa kwa sababu ya hii eafoni?" Nikamwambia nimetoka Mombasa kwa sababu ya dada yangu, lakini hii nayo nimeikuta njiani.

Sikupaza sauti. Nilimwekea juu ya meza boksi, risiti, na barua ya ukurasa mmoja ambayo kijana alikuwa ameiandika usiku. Barua ilitaja tarehe ya kununua, bei, nambari ya siriali, kasoro yenyewe, siku ilipoanza, siku aliyoirudisha mara ya kwanza na jibu alilopewa. Ikataja Ibara ya 46 na kifungu cha 5. Ikasema anachotaka: abadilishiwe au arudishiwe pesa zake, katika siku 14. Nakala moja ya duka, nakala ya pili nikamwomba aitie sahihi na tarehe kwamba ameipokea.

Alisoma polepole. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Mzee, hata mimi nimekwama. Hizi nanunua Nairobi, na aliyeniuzia aliniambia waranti yangu ni wiki moja." Nikamwelewa. Yeye naye ni mnunuzi aliyetishwa na mwenye duka kubwa kuliko lake. Nikamwambia kwa lugha ya kazi yangu: bidhaa ina mlolongo, na dhamana nayo ina mlolongo. Mteja anakudai wewe kwa sababu wewe ndiye uliyepokea pesa zake. Wewe nawe mdai aliyekuuzia, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inakulinda wewe unapomnunulia mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Lakini huwezi kuukata mlolongo huo kwa mwanafunzi, eti kwa sababu yeye ndiye mwisho wa foleni.

Alikubali kuzituma. Kabla hatujaondoka tulifanya mambo mawili ambayo ningeomba kila mtu ayafanye. Tulipiga picha nambari ya siriali kwenye boksi, kwenye kikasha na kwenye eafoni zenyewe, ili zisije zikabadilishwa njiani. Na tuliandikiwa karatasi ya kupokelewa, yenye maelezo ya hali ya kifaa: imepokelewa ikiwa nzima, haijafunguliwa, ya kushoto haitoi sauti. Bila karatasi hiyo, eafoni ikirudi na mkwaruzo utaambiwa ulikuja nao.

Siku ya ishirini na moja kijana akaitwa dukani. Alipewa jozi mpya, ndani ya boksi jeupe lisilo na picha. Hiyo ni kawaida. Kampuni nyingi hazitengenezi eafoni, hubadilisha tu, na cha kubadilishia mara nyingi huja hivyo. Waranti haikuanza upya, bali iliendelea na miezi iliyobaki. Nilimwambia adai iandikwe hivyo kwenye risiti yake, na nambari mpya ya siriali iandikwe, kwani nambari ya zamani haimsaidii tena.

Duka likikataa kabisa

Si kila mwenye duka ni kama yule. Ukikataliwa, zipo njia, na hazihitaji uwe tajiri.

Unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, inayojulikana kama CAK. Wengi wanadhani kazi yake ni makampuni makubwa tu, lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina sehemu nzima ya maslahi ya watumiaji, na inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa dhamana. Malalamiko hayo hayalipiwi. Kama umegundua ulichouziwa ni feki, hilo ni la Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na feki za siku hizi ni hatari kwa sababu huiga hata nambari ya siriali. Nambari kukubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji hakutoshi. Linganisha kama ya boksi na ya kikasha zinaafikiana.

Njia ya mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama sisi. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mombasa tunayo. Aliye kwingine aulize kwenye masijala ya mahakama iliyo karibu naye. Mara nyingi hutafika huko. Barua inayoitaja mahakama hiyo kwa jina, iliyoandikwa kwa adabu, hufungua milango mingi.

Lakini milango yote hii hufunguka kwa ushahidi, na ushahidi hutunzwa siku ya kununua. Risiti za karatasi hufifia. Maandishi ya karatasi ya joto hayadumu kwenye pochi. Ipige picha siku hiyo hiyo ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp. Kama ulilipa kwa M-Pesa, usiufute ujumbe ule, maana unataja jina la duka, tarehe na kiasi. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa: waranti ni ya nani, ya nchi gani, miezi mingapi, na nikipata tatizo nailetea hapa au wapi? Mwambie aandike jibu kwenye risiti. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako. Na ndugu yako wa Dubai, Muscat au London akitaka kukuletea zawadi ya namna hii, mwambie akuletee na risiti yake, na aulize kama waranti inafika Afrika Mashariki.

Kinachokosekana

Nina neno moja kwa wabunge wetu. Sheria yetu inasema ubora wa kuridhisha, lakini haisemi ni miezi mingapi kifaa kipya kinadhaniwa kuwa kilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kwa hiyo kila mara ni mabishano: muuzaji anasema umeiharibu, mnunuzi anasema ilikuja hivyo. Uingereza, ambako mizizi ya Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa ilitoka, walilimaliza hili kwa sheria yao ya mwaka 2015. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, inadhaniwa ilikuwepo siku ya kununua, na muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Kifungu kama hicho hapa kwetu kingemwondolea mwanafunzi wa Kisii safari ya kumtafuta mjomba wa Mombasa.

Maana tusidanganyane kwamba tulishinda. Kijana alipata eafoni mpya, alhamdulillah, lakini kutoka siku ya kwanza aliyofukuzwa dukani mpaka siku aliyopewa jozi ile zilipita wiki saba. Wiki hizo alifanya kazi kwa eafoni za mia tatu, alama zake zikaporomoka, na ilimchukua muhula mzima kuzipandisha. Hakuna aliyemlipa hilo. Kama siku ya kwanza angeingia na barua badala ya kuingia na ombi, angeokoa mwezi mzima.

Wiki iliyopita alinitumia picha bila maneno. Ni boksi lile jeupe, limewekwa juu ya kabati ya chumba chake, na risiti imebandikwa kwenye kifuniko chake kwa selotepu. Nami nikainuka nikaenda kutafuta boksi la simu yangu. Nililikuta kwa mwanangu, limegeuzwa gari.